Garaji Nyumbani: Kuanza Si Kazi, Kazi ni Kumaliza

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.

Komite imeniomba niongee juu ya jambo moja tu: namna ya kujenga garaji ndani ya parseli yako mwenyewe, na hasa namna ya kuimaliza. Siongei kama fundi. Mafundi wako hapa mbele yangu na watanisahihisha. Naongea kama mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka, kutoka Mboko mpaka Fizi, akiangalia vitu vilivyotolewa na miradi vimefikia wapi.

Munajua ninachokiona. Kijana amerudi kutoka Tanzania, au amezaliwa kule Nyarugusu na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona kijiji cha babu yake. Amefanya mafunzo miezi sita, amepewa sertifika na sanduku la vifaa: kle za namba zote, nyundo, bisibisi, pompi, pengine na mashini ya kusaga chuma. Siku ya kukabidhi tunapiga picha. Baada ya hapo anaanza kazi chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Jioni anabeba vifaa vyote anaviingiza chumba anacholala na mke na watoto, pamoja na bidoni ya esansi. Jirani anaazima kle ya 13 na hairudi. Mchanga unaingia ndani ya injini iliyofunguliwa. Mwaka mmoja ukipita, nikirudi na karatasi zangu, sanduku limebaki nusu, na ile nusu ni vile vitu ambavyo hakuna mtu anavihitaji.

Kwenye ripoti, kijana huyo ameandikwa kwamba "amepata vifaa". Ni kweli, amepata. Lakini kazi hana. Ndiyo maana leo nasema: kabla hatujaomba sanduku lingine, tuongee juu ya ukuta, sakafu, paa na mlango.

Moja kubwa au nyingi ndogo?

Najua ndani ya chama kuna mawazo mawili. Wengine wanataka atelye moja kubwa karibu na ofisi, yenye bango la mfadhili. Wengine wanataka kila fundi asaidiwe kwake. Atelye kubwa inafaa kwa mafunzo na kwa mashini ghali ambayo mtu mmoja hawezi kuinunua. Lakini kwa kazi ya kila siku nasimama upande wa garaji ya nyumbani, na sababu ni tatu. Kwanza, vifaa vya wote havina mwenyewe. Kle ikipotea hakuna anayeumia. Pili, hakuna kodi ya nyumba ya kulipa kila mwezi, hata mwezi ambao pikipiki hazikuja. Tatu, mwenye garaji yuko pale usiku, na mtu aliye pale ni mlinzi kuliko kofuli yoyote. Kwa mama fundi kuna sababu ya nne: anaweza kufanya kazi huku anaangalia watoto wake.

Ila garaji ya nyumbani ina masharti yake. Nitayapitia moja moja.

Karatasi kabla ya jiwe

Hapa ndipo wengi wetu tumeumia. Mtu alikimbia 1996 au 1998, akarudi na meli kutoka Kigoma baada ya safari za kurudi kufunguliwa 2005, akakuta mwingine analima kwake. Wengine walipatana. Wengine mpaka leo wako mbele ya shefu au mbele ya tribinali. Ukijenga nyumba ya miti kwenye parseli yenye maneno, unapoteza miti. Ukijenga kwa matofali na simenti, unapoteza miaka.

Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa kwa karatasi. Kwetu vijijini wengi tunakaa kwa haki ya mila, tukitambuliwa na shefu. Kama huwezi sasa hivi kufika mpaka kwenye karatasi ya mwisho ya serikali, angalau ufanye hivi: pima parseli na kamba mbele ya majirani wa pande zote nne, andika vipimo, kila jirani aweke sahihi au kidole, na shefu wa avenyu au wa kijiji aweke yake. Kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo haikupi umiliki wa serikali, lakini siku ya maneno ni ushahidi, na siku hiyo itakusaidia kuliko hasira.

Wamama, hii ni yenu. Sheria ya 2016 iliyorekebisha sheria ya familia ya 1987 iliondoa lile sharti la mke kuomba ruhusa ya mume ili afanye mkataba. Kama garaji imejengwa kwa akiba yako, jina lako liwe kwenye karatasi. Wababa, musikasirike. Jina la mke halifuti la mume. Yanaandikwa yote mawili.

Mahali pa kuweka

Tumeona maji. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka njia yake na kubeba nyumba na watu. Ziwa nalo limepanda miaka hii mpaka nyumba za ufukweni zimeingia maji. Basi usijenge garaji kwenye njia ya maji, hata kama ni karibu na barabara na wateja ni wengi. Uliza wazee: mwaka wa mvua kubwa, maji yalifika wapi? Jenga juu ya alama hiyo.

Ndani ya parseli, weka garaji upande wa barabara, mbali na jiko la moto na mbali na kisima. Angalia upepo unatoka wapi, ili moshi wa injini usiingie chumba cha kulala. Na umwambie jirani kabla hujaanza. Kelele ya mashini ya kusaga chuma saa moja asubuhi inaweza kuvunja urafiki wa miaka kumi.

Msingi na sakafu

Tuchukue kipimo cha mita 4 kwa 6. Zinaingia pikipiki nne, meza ya kazi, na mtu wa kuzunguka. Msingi unachimbwa mpaka udongo mgumu; penye udongo mlaini usiishie sentimita 40, nenda 60 au zaidi. Mawe tunayo, namshukuru Mungu, mito yetu imejaa mawe. Msingi utoke nje ya udongo kama sentimita 30, ili mvua inaporuka isile tofali.

Wengi wanaishia hapo: msingi, kuta, mabati, basi. Sakafu inabaki vumbi. Wapendwa, kwa fundi wa injini sakafu ni kifaa cha kwanza. Visi ndogo ikianguka kwenye vumbi, imekwenda. Injini ikifunguliwa kwenye vumbi, umeiharibu huku unaitengeneza.

Hesabu yake ni hii. Mita 4 kwa 6 ni mita 24 za mraba. Ukimwaga zege la sentimita 10, unahitaji mita za ujazo 2 na nusu hivi. Kwa mchanganyo wa ndoo 1 ya simenti, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto, ni mifuko 15 au 16 ya kilo 50. Nahesabu kwa mifuko, si kwa dola, kwa sababu bei inabadilika kila barabara ikiharibika. Mifuko 15 ni mingi? Basi mwaga nusu ya nyuma, pale penye meza ya kazi: mifuko 8. Nusu ya mbele panga mawe, shindilia changarawe, utaimaliza mwaka ujao.

Mambo matatu mafundi munayajua lakini wenye nyumba hawayajui, na ndiyo yanayovunja sakafu. Mchanga uwe safi: tia mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie, kama tope linalokaa juu linazidi sehemu moja ya kumi, osha mchanga huo au tafuta mwingine. Maji yasizidi: nusu ya uzito wa simenti inatosha, yaani kama lita 25 kwa mfuko. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, lakini likikauka linapasuka. Na baada ya kumwaga, ulowanishe siku 7, ufunike kwa magunia au majani ya migomba. Usiingize pikipiki kesho yake kwa sababu mteja analia.

Toa mwinamo kuelekea mlangoni, sentimita moja kwa kila mita. Siku ya kuosha, maji yatajua njia yenyewe.

Kuta na paa

Tofali la kuchoma ni zuri, lakini linakula kuni nyingi, na milima yetu munaiona. Tofali bichi lililokauka vizuri linasimama miaka mingi likiwa na msingi wa mawe chini na paa lililotoka nje juu. Pigeni lipu ya simenti chini tu, mpaka mita moja, pale penye kugongwa na kuloa. Juu ya ukuta acheni matundu pande mbili zinazoelekeana, hewa ipite hata mlango ukifungwa.

Kwenye mabati, angalieni namba. Namba kubwa ni bati jembamba: BG 32 ni jembamba kuliko BG 28. Muuzaji hatakuambia. Jembamba ni rahisi leo, na upepo wa ziwa utalikunja. Paa litoke nje ya ukuta kama sentimita 60. Miti ya paa ifungwe kwenye ukuta kwa nondo au waya mzito uliopita ndani ya tofali, isilale tu juu yake. Na kati ya mabati, tia moja au mawili ya kupitisha mwanga. Hiyo ni taa ya mchana isiyolipiwa.

Mlango uwe wa pande mbili, ufunguke nje, upana usipungue mita moja na nusu. Visi za bawaba zisionekane kwa nje. Nimekuta milango yenye kofuli tatu za nguvu, lakini bawaba unazifungua na bisibisi ukiwa barabarani.

Kumaliza

Sasa tumefika kwenye kichwa cha maneno yangu. Jengo lenye paa si garaji bado. Bado vitu vitano.

Cha kwanza, meza ya kazi. Urefu wake ni wa mwili wako: simama wima, acha mikono ishuke, meza ifike kwenye kiungo cha mkono. Kwa wengi ni kati ya sentimita 85 na 95. Miguu yake ifungwe ukutani au sakafuni, la sivyo eto haitafanya kazi. Meza inayocheza inakula mgongo.

Cha pili, ubao wa vifaa. Piga misumari ukutani, tundika kila kle, na kwa rangi chora umbo lake nyuma. Jioni, dakika moja, unaona nafasi iliyo wazi. Nani ameazima? Unaandika jina pale pale. Hakuna kitu cha bei ndogo kama hiki kinacholinda mali nyingi hivi.

Cha tatu, mwanga wa jioni. Pikipiki zinavunjika saa kumi na mbili, wakati abiria wamekuwa wengi. Bamba la sola la wati 100, siku ya jua nzuri, linakupa kama wati-saa 400 hivi. Taa nne za wati 10 kwa masaa matano zinakula 200. Inatosha, na simu za wateja unachaji. Lakini musidanganywe na muuzaji: hiyo sola haitaendesha mashini ya kusudura. Kusudura kunataka jenereta kubwa, na jenereta ikae nje, siku zote nje. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaona usingizi tu, analala, haamki. Hata kuwasha pikipiki ndani huku mlango umefungwa ni hatari ile ile.

Cha nne, moto. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji mpaka unakutana na cheche. Kwa hiyo esansi ikae kibandani nje, na kusudura kufanyike nje, au upande wa pili kabisa baada ya kuondoa matangi. Ndoo mbili za mchanga mkavu mlangoni, kila siku. Maji hayazimi esansi; yanaieneza. Na hakuna kulala ndani ya garaji, wala mwanafunzi wa kazi, wala mgeni.

Cha tano, mafuta machafu. Tunatoa mafuta ya injini kila siku, yanakwenda wapi? Kwenye mfereji, halafu mtoni, halafu kwenye lile ziwa tunalonywa na kuvulia samaki. Weka karai chini ya kila injini, mimina kwenye bidoni ya lita 20 yenye kifuniko, iandike kwa rangi isije ikachotewa maji. Wako wanaopaka mafuta hayo kwenye miguu ya miti inayozikwa, mchwa wasile. Kama ni hivyo, iwe mbali na kisima na mbali na mikono ya watoto.

Hivi vitano kwa pamoja havifiki bei ya kuta. Lakini ndivyo watu wanavyoviacha, kwa sababu pesa imeisha kwenye mabati na kwa sababu kutoka barabarani havionekani.

Pesa itoke wapi?

Tuko na AVEC zetu. Mfumo huu ulianzia Niger, mwaka 1991, kwa wamama wa Maradi, na shirika la CARE. Leo uko karibu kila kijiji chetu. Watu 15 mpaka 25, kila wiki hisa kati ya 1 na 5, mwisho wa mwaka kugawana. Shida yetu ni ule mwezi wa kugawana: pesa inakuja pamoja na sherehe, na karo, na mjomba.

Pendekezo langu: anayejenga agawanye kazi kwa mizunguko. Mzunguko wa kwanza, karatasi na msingi. Wa pili, kuta na paa, kabla ya mvua za Septemba. Wa tatu, sakafu, mlango na vile vitu vitano. Na mwenye kugawana anunue simenti au mabati wiki ile ile, tena simenti ainunue akiwa tayari kumwaga. Mfuko unaokaa miezi miwili chumbani unageuka jiwe.

Na vita ikirudi?

Swali hili naulizwa kila mahali, na sitalikimbia. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, nimejenga mara tatu. Hiyo ya nne unanishauri kwa nguvu gani?" Sina mamlaka ya kumwahidi amani. Hakuna mtu kwenye chumba hiki aliye nayo.

Ninachoweza kusema ni hiki. Gawanya mali yako katika inayobaki na inayobebeka. Msingi, sakafu na kuta zinabaki. Na msingi wa mawe haubebwi na mtu. Waliorudi 2005 na kuendelea, wengi walionyesha mipaka yao kwa msingi uliofunikwa na majani, au mwembe wa baba. Vifaa, bamba la sola na betri vinabebeka: viwe na sanduku moja lenye mikono miwili, watu wawili wanainua. Bati funga kwa visi na bolti pale unapoweza, lifunguke bila kuchanika. Na karatasi za parseli, nakala moja isikae nyumbani kwako. Ikae kwa ndugu, mji mwingine.

Anayesubiri amani kamili ili ajenge, watoto wake watakua chini ya mwembe bila kazi, na vijana wasio na kazi tunajua nani anakuja kuwaita.

Wale waliobaki

Neno la karibu na mwisho. Hatukurudi mahali patupu. Kuna waliobaki, walioteseka hapa hapa bila kartasyo ya mgao na bila shirika. Wakiona sisi tu ndio tunajengewa, hawatatuvunjia ukuta, lakini hawataleta pikipiki zao. Naomba kila garaji itakayosaidiwa na chama iwe na wanafunzi wa kazi wawili: mmoja wa familia iliyorudi, mmoja wa familia iliyobaki. Na mmoja kati ya wote wawili akiwa msichana, tusicheke. Injini haiulizi.

Ninayoomba

Kwa komite: kabla ya kutoa mkopo wa garaji, muende kuona karatasi ya parseli na sahihi za majirani, na mutoe pesa kwa sehemu, sehemu ya mwisho ikiwa ya kumalizia tu.

Kwa wafadhili wetu mutakaosoma maneno haya: tunashukuru kwa masanduku ya vifaa. Kwenye mradi ujao, punguzeni idadi ya masanduku kama inabidi, lakini kila sanduku lije na sakafu yake na mlango wake. Na mutume mtu aje kuangalia mwaka wa pili, si siku ya picha.

Kwa mafundi: mwenye garaji iliyokamilika afungue mlango wake siku moja kwa mwezi, anayeanza aje kupima, kuuliza na kuiga.

Nimemaliza. Kama kuna fundi ambaye hesabu yangu ya mifuko haikumpendeza, asimame sasa, tuko pamoja mpaka chai iive.